Gitaa la besi lafungiwa stoo kwa kosa gani?

Kwa muda wa miaka kumi na minne sasa, kila Jumatatu ninapoingia darasani na kushika chaki, vidole viwili vya mkono wangu wa kulia huniuma. Walimu wenzangu walioniona nikivipuliza katika chumba cha walimu wamewahi kuniuliza kulikoni, nami bila haya nikawajibu kwamba nilikuwa nikilima shambani. Shamba lenyewe sina. Ukweli ni kuwa usiku wa Jumamosi huwa nimesimama nyuma ya waimbaji, ubavuni mwa mpiga dramu, nikizivuta nyuzi nne nene za gitaa la besi kwa saa nne au tano, aghalabu katika harusi ya watu nisiowajua.

Nimeamua kuungama leo, si kwa kuwa naona fahari, bali kwa kuwa uongo wangu huo mdogo ulikuja kumdhuru mtoto wa wenyewe. Nitafika huko. Kwanza sina budi kumweleza msomaji kazi yenyewe, maana wengi huisikia kila siku bila kujua kuwa wanaisikia.

Sisi ni bendi ya ridhaa, yaani hakuna hata mmoja wetu anayeishi kwa muziki. Mpiga solo ni fundi wa mabomba ya maji. Mpiga ridhimu ni karani. Anayepiga dramu hubeba abiria kwa bodaboda. Mwimbaji wetu ni muuguzi, na mara mbili tatu amepanda jukwaani akiwa bado amevaa viatu vyeupe vya zamu. Mimi hufundisha Kiswahili na Historia. Hufanya mazoezi Jumatano jioni katika chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya ujenzi, katikati ya magunia ya saruji, na ole wake aliyekuja na suruali nyeusi. Kodi ya chumba hicho ni kumpigia mwenye duka nyimbo tatu za zamani kabla hajafunga. Huchagua zile zile tatu, mwaka nenda mwaka rudi.

Gitaa langu nililinunua kwa mtu aliyekuwa akihama mji, kwa shilingi 12,000 nilizokuwa nimeziweka akiba za kununulia kabati la nguo. Mke wangu hajanisamehe kikamilifu. Hadi leo huliita gitaa hilo "kabati", na kila Jumamosi jioni huniuliza, "Mwalimu, kabati linakwenda wapi leo?" Tundu la kuchomekea waya lilikuwa limelegea, nikampelekea fundi mmoja wa jua kali ambaye kazi yake hasa ni kutengeneza redio. Alililehemu kwa dakika tano, akakataa malipo, akaomba tu apigiwe kidogo. Nyuzi za besi nazo ni ghali, na wengi wetu hatuzibadilishi mpaka zikatike. Huzichemsha. Naam, msomaji, uzi wa gitaa huchemshwa katika sufuria ya maji kwa dakika kumi hivi ili jasho na uchafu vitoke, kisha hukaushwa vizuri na kurudishwa mahali pake, na sauti yake hung'aa tena kwa juma moja au mawili.

Lakini kilichonifilisi hasa ni amplifaya. Walimu wa fizikia wataniwia radhi nikiingilia shamba lao. Uzi mnene kabisa wa besi, ukipigwa bila kubonyezwa, hutetema takriban mara 41 kwa sekunde. Maadamu sauti husafiri hewani kwa mwendo wa mita zipatazo 340 kwa sekunde, wimbi moja la sauti hiyo lina urefu wa zaidi ya mita nane. Spika ndogo haiwezi kuisukuma hewa kiasi hicho. Isitoshe, sikio la binadamu ni zito kwa sauti za chini kuliko za katikati. Ndiyo sababu mpiga solo wetu hutosheka na mtambo wa wati 30 na kuwapasua watu masikio, ilhali mimi mwenye wati 100 huonekana kama mtu anayepapasa tu gizani. Nikadhani nikipata wa wati 200 sauti yangu itakuwa maradufu. La hasha! Kuzidisha nguvu mara mbili huongeza desibeli tatu tu, tofauti ambayo msikilizaji huitambua kwa shida. Ili sauti isikike kana kwamba imekuwa maradufu, nguvu inapaswa kuongezwa karibu mara kumi. Logarithimu zilinishinda katika kidato cha nne. Nilikuja kuzielewa mtaani Luthuli, Nairobi, nikiwa tayari nimelipa.

Wanafunzi wanaodhani kuwa gitaa hili limekuwako tangu enzi na enzi wafahamu kuwa lina umri wa binadamu tu. Kabla yake besi ilikuwa ile fidla kubwa ya kusimama, kubwa kuliko mtu, ambayo kuisafirisha ni sawa na kusafirisha maiti. Mwaka wa 1951, huko California, Leo Fender alianza kuuza besi ya umeme inayovaliwa begani kama gitaa la kawaida, yenye vipande vya chuma shingoni vinavyomwonyesha mpigaji mahali hasa pa kila noti. Aliiita Precision. Kutoka hapo muziki wa dansi duniani kote ukapata miguu mipya, na wa kwetu haukubaki nyuma. Sikiliza benga. Magitaa ya juu hukimbizana kama watoto wakati wa mapumziko, lakini kinachomwinua mzee kitini ni ile besi inayogonga, ikaruka, ikagonga tena mahali asipotarajia.

Hata hivyo, hakuna anayemjua mpigaji wake. Mwombe Mkenya yeyote wa rika langu auvumishe wimbo wa "Sina Makosa" wa Les Wanyika, bendi iliyozaliwa mwaka wa 1978 wanamuziki kadhaa walipojitenga na Simba Wanyika. Atauvumisha bila kukosea. Kisha mwulize mpiga besi wa bendi hiyo alikuwa nani. Alikuwa Tom Malanga. Nimeliuliza swali hili katika vyumba vya walimu vya shule tatu, na aliyelijibu ni bawabu mmoja tu aliyekuwa akipita na birika la chai.

Si kwetu tu. Mjini Detroit, Marekani, kampuni ya Motown ilitoa nyimbo zilizochezwa duniani kote katika miaka ya sitini, na nyingi kati ya nyimbo hizo zilipigwa besi na mtu mmoja, James Jamerson. Majina ya wapigaji hayakuwa yakiandikwa kwenye sahani za kampuni hiyo. Lake lilitajwa mwaka wa 1971, katika albamu ya Marvin Gaye iitwayo What's Going On, baada ya miaka zaidi ya kumi ya kazi. Alifariki mwaka wa 1983, na heshima ya kuingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame ikamfikia mwaka wa 2000, akiwa kaburini. Lakini jambo ninalotaka mwalimu mwenzangu alishike katika kisa hiki si hilo la kutotajwa. Ni kwamba Jamerson alijifunza besi akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Northwestern, mjini humo humo Detroit. Besi yenyewe ilikuwa ya shule. Hakuna aliyeifungia stoo.

Sasa nirudi kwetu. Wanaotuona jukwaani tukiwa tumevaa mashati ya rangi moja hudhani twavuna fedha. Kuna hoteli moja iliyotuahidi shilingi 15,000. Tulipiga kuanzia saa mbili usiku hadi saa saba, na meneja akaja na shilingi 6,000, sahani tano za pilau na hotuba ndefu juu ya ugumu wa biashara. Ukitoa kodi ya jenereta na nauli, kila mmoja alirudi nyumbani na shilingi zisizotosha kununua uzi mmoja. Siku hiyo hiyo utingo wa matatu alikuwa amenitoza nauli ya abiria wawili kwa ajili ya spika, akidai kwamba imekaa viti viwili. Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu kweli ilikuwa imekaa viti viwili. Mwaka wa 2020, janga la Korona lilipofunga kumbi na harusi, hata hizo senti zilikatika, nasi tukaendelea kukutana mara moja moja chini ya mwembe, tumekaa mbalimbali, tukipiga bila mitambo. Mpiga dramu aligonga debe. Nadhani tulipiga vizuri zaidi miezi ile kuliko wakati mwingine wowote, lakini huenda ni kumbukumbu tu inayonipamba.

Basi kwa nini mtu mzima mwenye akili timamu aendelee na kazi ya namna hii? Nitajibu kwa kisa. Usiku mmoja, katikati ya wimbo uliokuwa umewanyanyua watu wote hata mabibi wenye mikongojo, waya wangu ulikatika kwa ndani. Besi ikanyamaza. Solo iliendelea, ridhimu iliendelea, dramu na mwimbaji vivyo hivyo. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Lakini nikawaona wachezaji wakianza kulegea, mmoja baada ya mwingine. Bibi mmoja alisimama, akatazama chini kana kwamba ameangusha kitu, akarudi kitini. Mpiga solo akadhani ni yeye aliyefifia, akaongeza sauti. Mambo yakazidi kuharibika. Nilipobadilisha waya na kuingia tena, ukumbi uliinuka kama unga uliotiwa hamira, na mfawidhi akashika maikrofoni kumsifu mpiga solo.

Nilicheka peke yangu kule nyuma. Lakini nikawaza pia kuwa nimo katika kazi ya pili inayofanana na ile ya kwanza. Mwalimu naye ni mtu ambaye akiwapo hatajwi.

Laiti ningelisema wazo hilo kwa sauti katika chumba cha walimu! Maana miaka michache iliyopita shule yetu ilipewa zawadi ya vyombo na mzazi mmoja: magitaa mawili, besi moja, dramu kuukuu na amplifaya moja yenye sauti ya mtu mwenye mafua. Kikaundwa chama cha muziki. Kijana mmoja wa kidato cha tatu, mkimya, ambaye darasani nilikuwa nikimwita mara mbili ndipo ajibu, aliishika besi ile na hakuiachia. Wengine wote waligombania gitaa la solo. Yeye alijitafutia pembe yake, akawa anahesabu kwa midomo, moja mbili tatu nne, akimsubiri mpiga dramu. Nilikuwa nikipita dirishani na kupunguza mwendo. Alikuwa na kile kitu ambacho hakifundishiki: alijua mahali pa kutopiga.

Siku moja alinijia nje ya maktaba. "Samahani, mwalimu," akasema, "besi yetu inavuma sana kwenye noti moja, zile nyingine hazisikiki. Yaweza kuwa nini?" Jawabu nililijua. Spika ilikuwa imewekwa kwenye pembe ya chumba, na pembe huzikuza baadhi ya sauti za chini. Waivute mbele hatua mbili, iwe mbali na ukuta. Sentensi moja tu ingetosha. Lakini palikuwa na walimu wawili wamesimama karibu, nami nikaogopa nisije nikajulikana kuwa ni mtu wa madansi. Nikamjibu, "Mambo hayo siyajui. Kasome."

Muhula ulipokwisha, alama zake za Hisabati zilikuwa zimeshuka kutoka C hadi D. Katika kikao cha walimu ikasemwa kwamba magitaa ndiyo chanzo, kwamba muziki ni mlango wa utukutu na mihadarati, kwamba vyombo hivyo vifungwe mpaka baada ya mtihani wa KCSE. Mwalimu mmoja tu ndiye aliyeuliza kama kuna anayejua idadi ya saa ambazo kijana huyo hutumia kwenye besi kwa juma. Zilikuwa mbili. Mimi nilikuwa nimeketi karibu na dirisha, nikatazama nje. Pendekezo likapita.

Alama zake hazikupanda. Hilo lisemwe wazi, kwa maana baada ya kufunga stoo hakuna aliyerudi kutazama kama dawa imeponya. Aliketi nyuma ya darasa kama mzigo uliosahauliwa kituoni, akafanya mtihani, akaondoka.

Nilimwona tena mwaka uliopita, katika harusi. Alikuwa miongoni mwa vijana walioajiriwa kubeba viti na kufunga mahema. Sisi tulikuwa katika wimbo wa tatu au wa nne, nami nikainua macho nikamwona amesimama kando ya hema na viti vinne vya plastiki kichwani, akiitazama mikono yangu. Si uso wangu, mikono. Alisimama hivyo mpaka wimbo ukaisha. Tulipokuwa tukikunja nyaya alinijia, akanisalimu kwa heshima zote, akaninyanyulia spika mpaka kwenye gari. Alisema maneno mawili tu: "Kumbe, mwalimu."

Najua hoja za wanaopinga, na sizidharau. Wapo vijana waliokwenda na magitaa wasirudi. Mpiga solo wetu aliacha shule kidato cha pili kwa ajili ya muziki na hujuta mbele ya yeyote atakayemnunulia soda. Pombe ipo kwenye kumbi, usiku ni mrefu, na mimi mwenyewe singekubali mwanafunzi ashike besi katika harusi ya saa saba usiku. Lakini hayo ni madhara ya saa na mahali. Hayatoki kwenye nyuzi. Twaacha mpira wa miguu uchezwe kila jioni, na hakuna anayekusanya mipira yote na kuifungia kwa sababu mchezaji mmoja ameshindwa Hisabati.

Kosa letu lina mizizi mirefu. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwako tangu mwaka wa 1927, na ni jambo la kujivunia. Nimeona watoto waliokuwa hawana sauti wakiipata pale. Hata hivyo, katika shule nilizofundisha, tamasha ndilo lililokuwa saa ya muziki. Vyombo hutolewa vumbi majuma sita kabla yake, wimbo mmoja hukaririwa mpaka ukachosha, zawadi hupatikana au hukosekana, kisha kufuli hurudi. Mtoto hufunzwa kushindana kwa muziki kabla hajafunzwa kuupiga na wenzake jioni ambayo hakuna mwamuzi. Sasa tunao mtaala wa umilisi, na wanafunzi wa kwanza wa gredi ya 10 walioingia sekondari ya juu Januari 2026 walikuta mkondo mzima wa sanaa na michezo. Kwenye karatasi, yule kijana wa viti vya plastiki angekuwa na njia yake. Lakini njia ya karatasi haifungui stoo. Wala sidai kuwa angekuwa mwanamuziki wa kuuza nyimbo; pengine angekuwa fundi wa mabomba mwenye bendi Jumamosi, na hilo halina dosari yoyote.

Ninachoomba si kikubwa. Vyombo vitolewe saa moja kwa juma, muhula wote, tamasha liwe lipo au halipo. Waya mpya ni mamia machache ya shilingi. Na walimu wanaopiga, nao wapo, nimewatambua wengine kwa sugu za vidole, waache kujificha. Yupo mmoja wa Kemia anayepiga kinanda kanisani ambaye huniambia hana muda wa chama cha muziki kwa sababu anaona aibu kuonekana akikosea mbele ya wanafunzi. Mimi naona hiyo ndiyo sababu hasa ya kwenda. Mtoto ambaye hajawahi kumwona mwalimu wake akikosea, akacheka, akarudia tangu mwanzo, atajifunzia wapi kurudia?

Besi ile bado ipo. Niliiona mwezi uliopita nilipokwenda kuchukua madaftari: imeegemezwa ukutani nyuma ya nguzo za wavu wa voliboli, uzi mmoja umekatika, na buibui amejenga kati ya zile tatu zilizosalia. Nyuzi nne zangu za zamani nimekwisha kuzichemsha na kuzikausha. Waya ninao. Ufunguo wa stoo uko kwa naibu mwalimu mkuu, ambaye najua husoma ukurasa huu wakati wa chai ya saa nne; na ajue kwamba Jumatatu, baada ya gwaride, nitamwendea kuuomba, na kwamba safari hii akiniuliza vidole vyangu vina nini, sitataja shamba.